Nyumba Inayotazamwa Kutoka Barabarani

Perth, 2 Septemba

Baba,

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza kama paa linavuja, ukanijibu kwamba umekula nyama ya kondoo na ilikuwa laini. Kuanzia leo ni barua, na usije ukasema hukusikia.

Nimeongea na dalali, yule kijana Brayden. Anasema mnunuzi anaamua akiwa bado garini, injini hajazima. Akikuta ua umeifunika nyumba mpaka paani, anajiendea zake. Kwa hiyo ule ua wa miti ukatwe ufike kiunoni. Kuta za nje zipakwe rangi ya majivu na mlango uwe mwekundu, ndivyo watu wanavyotaka siku hizi. Baraza ulisugue, ulipake upya. Na yale matairi aliyoyakata Mama yakawa mabata, yaondoke. Usininunie. Nimekua nikiyapanda mgongoni yale mabata, lakini mtu wa Melbourne hawezi kununua nyumba inayolindwa na matairi meupe yenye shingo.

Haya yote ni kwa ajili yako. Baada ya mazishi ya Mama ulinishika mkono ukasema, "Nyumba imekuwa kubwa, Glenys. Nakohoa, nasikia mwangwi." Mwaka wa pili huu na maneno hayo hayajanitoka. Chumba chako hapa kwangu kiko tayari, bado rangi tu. Ikishauzwa hiyo, hutakaa tena peke yako kutwa nzima ukihesabu nzi.

Glenys

*

Kerrabin, 11 Septemba

Mwanangu Glenys,

Salamu zako zimefika japo hukuziandika. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo sasa yana maneno yao wenyewe.

Brayden amekuja. Viatu vyake vina ncha utadhani anakwenda kuchimbia viazi. Alisimama barabarani, akafumba jicho moja, akasema, "Mzee Treloar, nyumba yako haimsemeshi mtu." Nikamwambia wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akanijibu kwamba wahenga hao hawakuwahi kuuza nyumba. Hapo nikamvulia kofia kidogo.

Hakumaliza ushauri wake. Yule kunguru wa madoa amejenga kiota tena kwenye mti wa kona, na unamjua akiwa na makinda: sisi wa mtaa huu hatugusi, lakini mgeni hamsamehi. Alimshukia Brayden kisogoni mara moja tu, kijana akaingia garini na kunimalizia habari za rangi kupitia ufa wa dirisha. Siku hizi anakuja amevaa kofia ya baiskeli, na suti.

Mabata nimeyatoa. Bahati nzuri halmashauri imetangaza wiki ya takataka kubwa, kwa hiyo mtaa mzima umetoa makochi na majokofu mabovu kwenye majani ya kando ya barabara, yanasubiri lori. Nami nikayapanga mabata pale, mmoja mmoja, nikaingia ndani nikafunga pazia. Kulipokucha hapakuwa na hata bata mmoja, na lori lilikuwa halijapita. Unajua desturi yetu: kilichowekwa kwenye majani wiki ile ni cha atakayekiwahi. Nilipotoka kutazama, nikaona bata kwa Bi Vasiliki, bata kwa akina Hoang, bata wawili kwa Doyle. Kila nyumba ina bata wa mama yako, ila ya mama yako mwenyewe. Brayden anasema sasa ni vibaya kuliko mwanzo, maana mtaa umekuwa bwawa.

Ua nimeanza kuukata. Ni kazi ya punda.

Baba yako,
Alwyn

*

Perth, 19 Septemba

Baba,

Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo.

Nimekununulia benchi la mti na milimao miwili kwenye vyungu, kutoka duka moja la Melbourne. Vitaletwa hapo Jumanne. Brayden anataka baraza lionekane kama mahali ambapo watu wanakunywa kitu wakati jua linatua. Wewe kazi yako ni kupokea na kupanga: benchi kushoto kwa mlango, mlimao huku, mlimao kule. Mpigapicha anakuja Alhamisi.

Na rangi ya majivu ni rangi ya majivu, Baba. Usiende gereji kuchukua ile ya kijani iliyobaki ulipopaka boti ya Doyle.

Glenys

*

Kerrabin, 27 Septemba

Mwanangu Glenys,

Benchi lilifika. Milimao nayo ilifika. Vilikuwa vitu vizuri sana. Asante, na tuyaache hapo.

Ua umekatika. Bwana Hoang alinikuta nimekwama juu ya ngazi, akaenda kuleta msumeno wake, na ikawa yeye anakata mimi nabishana naye. Nilikuwa sijui ana maneno mengi hivyo. Amekaa mkabala na mimi tangu ulipokuwa shule ya msingi, nami nilimjua mgongo tu. Tulipomaliza nilikaa barazani kupumzika, akapita Doyle na mbwa wake. Mimi nilidhani Doyle siku hizi hatoki tena nje. Kumbe anapita hapa kila siku asubuhi na jioni, nyuma ya ule ua, na yeye alidhani mimi sitaki kuona watu. Aliniambia, "Tulijua una msiba, Alwyn, tukasema tukuache." Miaka miwili, Glenys. Watu walikuwa wananiheshimu nusura wanizike.

Jana nimekunywa chai nyingi kuliko daktari anavyopenda, maana kila anayepita anasimama kuisema rangi. Hakuna anayeipenda. Mama mmoja ameniuliza kama nyumba imeungua.

Lakini hayo ni porojo tu. Nimeanza kutafuta maboksi ya kufungia vyombo.

Baba yako,
Alwyn

*

Kerrabin, 29 Septemba

Glenys mwanangu,

Mimi Vasiliki, jirani yenu wa ukuta mmoja, yule ambaye ulikuwa ukiruka ukuta kuja kumwibia zeituni ukidhani sikuoni. Baba yako hajui kama nakuandikia, na asijue.

Benchi lako limekwenda. Alilipokea, akaliona zuri, akasema asilichafue, maana rangi ya baraza ilikuwa mbichi. Basi akalibeba na ile milimao akaviweka nje, kwenye majani ya kando ya barabara, na lori la takataka kubwa bado halijapita, akaingia ndani kuoga. Mtu aliyezaliwa mtaa huu, Glenys. Mtu ambaye kochi analokalia alilitoa kwenye majani ya Doyle. Alipotoka bafuni, maji yalishamwagika. Nani kachukua hatujui, si wa mtaani kwetu, sisi tungerudisha. Gari lilisimama, gari likaondoka.

Akaja kwangu amejifunga taulo, nywele zinachuruzika. Hakusema "benchi langu limeibwa." Alisema, "Vasiliki, binti yangu ataniua." Nikampa benchi langu na mizeituni yangu miwili ya kwenye vyungu. Hoang ameleta taa. Mkeka wa mlangoni ni wa Doyle, tumeupiga tukatoa manyoya ya mbwa. Ukitazama baraza la baba yako sasa unatazama mtaa mzima.

Sikukuandikia kwa ajili ya benchi, lakini. Nimekuandikia kwa sababu baba yako anacheka. Namsikia kupitia ukuta. Tangu mama yako aondoke nilikuwa namsikia akikohoa tu. Sasa kila alasiri amekaa barazani, na kama si Hoang ni Doyle, na kama si Doyle ni mimi, na hata postamani ameshapewa kikombe chake. Mimi siingilii ya watu. Nasema nilichosikia tu.

Bi Vasiliki Stamoulis

*

Perth, 6 Oktoba

Baba,

Nimeona tangazo na picha. Nyumba inapendeza, sikutegemea. Benchi nalo zuri. Nilichoshangaa ni kwamba lina mto uliofumwa wenye picha ya punda. Nilikuwa sijui lile duka la Melbourne linafuma punda. Na milimao yangu imezaa zeituni, nadhani ni hali ya hewa.

Sitaki maelezo. Nataka tu ujue kwamba macho ninayo.

Mnada ni Jumamosi tarehe 26, saa tano asubuhi, hapo mbele ya nyumba. Brayden ana wanunuzi wa kweli, wale mume na mke wa Melbourne wamekuja mara mbili, na mke ameshauliza kama kuna nafasi ya kuegesha gari la pili. Mimi sitaweza kuja, wodi yangu haina wauguzi wa kutosha na mimi ndiye ninayewasimamia. Wewe kaa kimya, vaa shati la bluu, usimsimulie mtu habari za mfereji wa jikoni.

Nimesikia kwamba una wageni siku hizi. Ni jambo jema. Lakini majirani wana nyumba zao, Baba, na baridi ikija kila mtu atafunga mlango wake. Mimi ni mwanao. Uliniambia mwenyewe nyumba ni kubwa, na mimi nimeshapanga kila kitu juu ya neno lako hilo. Chumba nimekipaka rangi kwa mkono wangu, mgongo unaniuma. Tafadhali usinigeuzie maneno sasa.

Glenys

*

Kerrabin, 15 Oktoba

Mwanangu Glenys,

Kuhusu punda sina la kusema.

Maboksi nimeyajaza. Nimepunguza vijiko, nimebaki na kimoja. Nitakuja kama tulivyokubaliana. Nilisema nitauza, na nitauza, wala usihangaike kwa hilo. Umejitaabisha sana, nami sijawahi kukuangusha, sitaanza kwenye uzee.

Swali moja tu la kupitisha muda. Huko kwako, mtu akikaa mbele ya nyumba, anaona nani?

Baba yako,
Alwyn

*

Perth, 21 Oktoba

Baba,

Anaona ukuta wa jirani. Ni mweupe, msafi kabisa. Na nyuma ya ukuta mlango wa gereji yake, unaofunguka wenyewe akirudi na kujifunga wenyewe akishaingia. Sijui anaitwa nani, lakini hana kelele.

Unauliza mambo ya ajabu. Vaa shati la bluu.

Glenys

*

Kerrabin, 27 Oktoba

Glenys mwanangu,

Mimi tena, Vasiliki. Kaa chini kwanza.

Mnada ulijaa. Unajua watu wetu, nyumba ikiuzwa mtaani ni kama harusi, tofauti ni kwamba unakuja na kiti chako. Hoang alikuja na kiti. Doyle alikuja na kiti na mbwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu mwenyewe barazani, maana Brayden alikuwa ameshaliandika kwenye tangazo, likawa haliondoki. Wale wa Melbourne walisimama getini, miwani ya jua mpaka kwenye mashavu, na pembeni yao bwana mmoja aliyetaka nyumba ya kupangisha. Brayden alivaa kofia ya baiskeli. Akaanza kusema habari za baraza na jua linapotua, akisema kwa sauti ya padri.

Basi yule bwana akataja bei. Wa Melbourne wakapandisha. Bwana akapandisha. Baba yako alikuwa amesimama karibu na mlango mwekundu, shati la bluu, mikono nyuma, ametulia kama ulivyomwagiza. Wa Melbourne wakapandisha tena, bwana akatikisa kichwa, akarudi garini kwake. Brayden akasema, "Mara ya kwanza." Akasema, "Mara ya pili."

Baba yako akanyoosha mkono.

Brayden akadhani anakuna kichwa, akamsubiri amalize. Hakumaliza. Mkono ulibaki juu. Brayden akasema, "Mzee Treloar?" Baba yako akataja bei kubwa kuliko ya wa Melbourne. Mtaa wote ukageuka. Brayden akamwambia kwa upole, "Mzee, hii nyumba ni yako." Baba yako akajibu, "Najua. Ndiyo maana naitaka."

Nakuapia, Glenys, mbwa wa Doyle peke yake ndiye aliyepumua. Yule mke wa Melbourne akamuuliza mumewe kama jambo hilo linaruhusiwa. Brayden akasema haliruhusiwi hata kidogo, mwenye nyumba hawezi kununua nyumba yake mnadani, sheria inakataza na akili pia inakataza. Baba yako akafikiri kidogo. Akasema, "Basi kama siwezi kuinunua, siiuzi." Brayden akaangalia nyundo yake, akaangalia jamaa wa Melbourne, akavua kofia. Ndege akamshukia hapo hapo.

Sisi hatukumpigia makofi, usije ukasikia vingine. Hoang alipiga kidogo.

Sasa nikwambie kilichofuata. Watu walipoondoka niliingia kumpelekea kahawa, nikamkuta amekaa juu ya boksi jikoni, uso ameufunika kwa mikono. Nikamwambia, "Alwyn, umeshinda." Akasema, "Nimemvunja mwanangu." Hajala tangu jana. Tafadhali mwandikie. Mtukane kama unataka, lakini mwandikie.

Bi Vasiliki Stamoulis

*

Kerrabin, 27 Oktoba

Mwanangu Glenys,

Najua Vasiliki ameshakuandikia, kwa hiyo hadithi unayo. Mimi nakuletea aibu tu.

Sikupanga. Naapa mbele ya kaburi la mama yako, nililala nikiwa nauza na nikaamka nikiwa nauza. Mkono ulikwenda wenyewe, na ulipokwisha kufika juu nikaona hautaki kushuka.

Nilikwambia nyumba ni kubwa, na wakati ule ilikuwa kubwa kweli. Nilikuwa nimeacha miti iote mpaka mchana ndani ilikuwa giza, sikumwona mtu, nikadhani hakuna watu. Nikakwambia niondoe hapa. Nawe ukaniambia nikate ua, ukaniletea benchi nikakalie. Uliitengeneza nyumba ili mgeni aipende, Glenys, na mgeni mwenyewe nikawa mimi. Nikaipenda.

Nilitakiwa kukwambia mapema. Kila nikichukua kalamu nakuona na brashi mkononi, unapaka kile chumba, mgongo unakuuma. Nikawa naogopa. Mzee mzima anamwogopa mtoto wake, ndiyo hivyo.

Ukisema nije, nitakuja. Nitamwita Brayden nimwombe radhi, nitasimama kimya, na mikono nitaifunga kwa kamba. Nimekukosea, na mimi nakupenda kuliko bati hili na kuta zake za majivu. Sema tu.

Baba yako,
Alwyn

*

Perth, 4 Novemba

Baba,

Kwanza ule. Nimemwandikia Bi Vasiliki akulishe kwa nguvu akibidi.

Barua zenu zilifika siku moja. Nilisoma ya kwake nikacheka hadi nikakaa sakafuni, kisha nikasoma yako nikakasirika. Nilikasirika vibaya. Nikaenda kazini, nikarudi, Jumamosi nzima na Jumapili nzima sikusema na mtu. Jumapili jioni ndipo nilipogundua kwamba hata nisingekasirika, nisingesema na mtu.

Nikaingia kwenye kile chumba nikakaa kitandani. Kina rangi ya njano, Baba. Wewe njano huipendi, hujawahi kuipenda, ulikataa hata taulo la njano. Njano naipenda mimi. Sikukuuliza unataka rangi gani, na sikukuuliza kwa sababu sikutaka kukupa nafasi ya kusema hutaki. Kazini kila mtu anajua kwamba baba yangu ni mpweke na kwamba nitamleta nimtunze. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, wananisifu, nami naitikia. Mpweke ni mimi. Nilitaka nikigeuza ufunguo jioni nimkute mtu ndani aniulize kwa nini nimechelewa. Nilikuwa tayari kuuza nyumba ya mama yangu nipate hilo, na nikaliita huruma kwako.

Hukunivunja. Ulinyoosha mkono mbele ya watu na mimi sikuwepo kuuona, hilo ndilo linaloniuma.

Brayden nimeshamwambia basi. Amesema hajawahi kushindwa mnada na mwenye nyumba, na kwamba ana mishono miwili kisogoni.

Wodi nimewaambia wanitafutie mtu, na safari hii sikuomba, nimesema. Natua Kerrabin Ijumaa ijayo mchana, nakaa mpaka mwaka mpya, na baada ya hapo tutazungumza kama watu wazima wawili. Usije uwanja wa ndege, magoti yako nayajua. Nitapanda teksi. Nisubiri nje, barazani, nikuone kutoka barabarani.

Mwanao,
Glenys